Kibanio kwenye Namba Tisa

Kuna watu hawawezi kuona fundo wakalipita bila kulifungua. Koleo, fundi wa umeme, alikuwa mmoja wao. Mkewe akisema redio inakoroma, ataifungua mpaka ikome kukoroma, na kuimba nako ikome. Lakini alikuwa na moyo mzuri, na fundi mwenye moyo mzuri watu humsamehe redio.

Jioni ile, jua likikusanya virago vyake, alishika njia ya ukumbi wa shule na begi la vifaa begani. Kazi yenyewe ndogo. Kesho yake kulikuwa na mchezo wa kuigiza, wazazi wamealikwa, na taa moja jukwaani imeota kiburi. Kila taa za pazia zikizimwa, na ile ya katikati inazimika. Katikati ndipo anaposimama malkia wa mchezo.

Na malkia mwenyewe ni nani? Ni Chiriku, binti yake Koleo. Mtoto wa pekee, aliyepatikana baada ya mawifi kumcheka mama yake mpaka mbavu zikawauma. Jina la Chiriku alilipata kwa mdomo wake. Mtoto yule alisema akila, akasema akioga, na usingizini alijibishana na ndoto.

"Baba, usiponiwashia vizuri kesho, nitamwambia mama nani anayeramba sukari jikoni."

"Simama kwenye alama yako, mdomo wewe."

Koleo akapanda ngazi. Hakukawia kuuona ugonjwa. Kila taa ya jukwaani ina dima yake, yaani kisanduku cha kuongeza na kupunguza mwanga, na kila dima hupewa namba kwa vijiswichi vidogo ubavuni. Huku chini, kwenye meza ya taa, kuna vishikio vya kusukuma juu na chini, navyo vina namba. Ukisukuma cha tano, inaitika dima namba tano. Zikiwapo mbili za namba tano, zitaitika zote, kama wajukuu wawili wa jina moja wakiitwa na bibi yao.

"Mwalimu, taa ya malkia na taa za pazia mmezipa namba moja," akasema kutoka juu.

Mwalimu wa maigizo akacheka. "Sisi? Fundi, si ni wewe uliyekuja hapa, ukanywa chai yetu, ukasema kazi imekwisha?"

"Yaliyopita si ndwele. Nitafutie namba isiyo na mtu."

Mwalimu akapitisha kidole mezani. Vishikio vyote vilikuwa na kipande cha utepe juu yake na jina, kwa sababu ndiyo desturi ya ukumbi ule: kishikio hupewa jina la mtu anayesimama kwenye mwanga wake. Mfalme. Mlinzi. Mama mkwe. Kimoja tu hakikuwa na jina. Cha tisa. Hicho kilibanwa na kibanio cha nguo, cha mti, kimeshika vumbi, kikakizuia kishikio kisishuke mpaka chini.

"Hiyo ya tisa je?"

"Aa, hiyo haiwashi kitu. Na kibanio ni cha Bi Kimya, mfagizi wetu. Ukikigusa anakutazama kama umemlia kuku wake. Tumemwachia tu."

Bi Kimya alikuwa na habari zake. Wengine walisema aliwahi kuwa na mtoto. Wengine walisema ana jini. Wengine wakasema ana maringo tu, na maringo ya mfagizi ndiyo mabaya kuliko yote. Lakini wote walimwamkia, tena kwa mbali.

Kishikio kilichobanwa... kisichowasha kitu... Fundo hilo.

Koleo akashuka, akakibandua kibanio. Ta! Akakitia mfukoni mwa shati. Akarudi juu, akageuza vijiswichi vya dima ya malkia hadi namba tisa, Chiriku akiwa amesimama pale pale chini ya taa. Kisha akashuka, akaandika utepe, CHIRIKU, akaubandika mezani. Akasukuma.

Taa ikafunguka taratibu. Nzuri. Nyeupe kama maziwa.

Harufu ikaja ya vumbi linaloungua, na ndani yake mafuta ya nywele, kama mtu aliyetoka kusukwa sasa hivi. Chini ya mbao za jukwaa kitu kikagonga.

Tok... tok.

Na Chiriku alikuwa na vivuli viwili.

Taa moja hutoa kivuli kimoja. Koleo akatazama juu kuona taa gani nyingine imejiwasha. Hakuna.

"Baba, nani yuko nyuma yangu?"

"Hakuna mtu, mwanangu."

"Basi aache kunipumulia shingoni."

"Huyu atatuletea kikombe cha maigizo!" mwalimu akacheka. "Haya, sema maneno yako ya mwisho, malkia, tukalale."

Chiriku akanyoosha shingo. "Mimi ndiye niliyekaa kiti hiki kabla yenu," akaanza, "na wote..."

"Inatosha, inatosha. Giza linaingia." Mwalimu akapitisha mkono wake wote mezani, akashusha vishikio kwa mara moja.

Taa ikashuka. Sauti ya Chiriku ikashuka nayo, kama redio inayopunguzwa.

Kisha puu, mbao zikalia.

Koleo hakujua alifikaje jukwaani. Mtoto alikuwa baridi. Macho wazi, pumzi kama uzi. Mwalimu akapiga kelele kwamba analeta gari, akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Koleo akarudi mezani akipapasa gizani, amwashie mwanawe mwanga amwone vizuri. Mkono ukaangukia utepe wenye jina la mtoto. Akasukuma.

"...mtainama mbele yangu," Chiriku akamalizia, akikaa kitako na kujifuta vumbi. "Mbona nimeanguka?"

Mkono wa Koleo ulikuwa bado kwenye kishikio. Akakishusha, kidogo tu. Kidevu cha mtoto kikashuka. Akakipandisha. Kidevu kikapanda.

Jasho likamtoka mpaka kwenye kucha.

Akapanda ngazi akiruka vidato, akaigeuza dima, akairudisha kwenye namba ya pazia. Akashuka. Akazipandisha taa za pazia, kisha akazishusha. Ukumbi wote ukawa giza.

"Baba, mbona umezima?" sauti ya Chiriku ikalalamika gizani. "Yaani wewe ukiachwa na taa ni kama mtoto na kiberiti, nitamwambia mama, halafu..."

Koleo akacheka peke yake. Akamshukuru Mungu kwa kila neno la mdomo ule. Mambo yamekwisha. Taa sasa haiko tena kwenye tisa. Akakigusa kishikio cha tisa, ahakikishe tu. Upana wa ukucha.

Kimya.

Akakirudisha juu.

"...nitamwambia vyote," Chiriku akaendelea.

"Taa umeihamisha," mtu akanong'ona mlangoni. "Mtoto hujamhamisha."

Alikuwa Bi Kimya, ameegemea ufagio wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba haitakusaidia. Njoo."

Alimwongoza mpaka kwenye kimlango cha chini ya jukwaa. Wakaingia kwa magoti. Ndani mlikuwa na dima ya zamani, haijaunganishwa na taa yoyote. Ubavuni vijiswichi vilisoma tisa. Karibu yake kulikuwa na betri ya gari. Koleo akagusa kisanduku. Kilikuwa na joto la paji la uso la mtoto mwenye homa. Na juu yake utepe uliokauka. KINANDA.

"Mwanangu," Bi Kimya akasema. "Alikuwa na sauti, basi wakamwita hivyo. Alisimama kwenye mwanga kama wako, fundi akamwandika kama ulivyomwandika wako. Mchezo ukaisha, wakazima. Wakasema ni moyo. Nilikimbia nikapandisha kidogo... nikabana. Nilichelewa. Tulimzika. Ila namba hakuna aliyejua kuifuta."

Ndani ya kisanduku, karibu sana na sikio la Koleo, kitu kikagonga.

Tok.

"Kwa nini hukusema? Hata mwalimu hukumwambia!"

"Nilisema, baba. Ndipo wakaanza kusema nina jini."

"Niambie namna ya kumhamisha mtoto."

"Ningejua kuhamisha, ningemwacha wangu humu?"

Koleo akafunika uso. Kila fundo alilowahi kulifungua lilikuwa na ncha. Hili alipapasa, akapapasa, hakuona ncha.

"Na umeme ukikatika?"

"Betri huishikilia meza. Imechoka, kama mimi." Akanyoosha kiganja. "Nipe kibanio changu. Nilimwekea wangu mwanga kidogo ili asizimike, wala asinyanyuke. Sasa wamekuwa wawili namba moja. Ukimpandisha wako, na wangu anapanda. Ukimshusha..."

Koleo akampa. Walirudi mezani, Bi Kimya akakibana kishikio juu kabisa, akakipapasa kile kibanio kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Mwalimu alirudi na gari, akamkuta Chiriku akisimulia. Akasema ni njaa. Watu wa shule hawakosi jina la ugonjwa.

Kesho yake mchezo ulifana. Wazazi walisimama kumpigia malkia makofi. Baadhi walimuuliza mwalimu yule binti mwingine aliyesimama nyuma yake ni nani, maana uso wake haukumulikwa vizuri. Mwalimu akadhani wanatania.

Bi Kimya hakuonekana tena baada ya siku ile. Ufagio wake uliachwa umeegemea mlango.

Sasa kila jioni Koleo hubeba betri mpya kwenda shule, na majirani hawana kazi nyingine ila kumsema. Mama Chiriku naye keshauliza kwa upole, kisha kwa mwiko mkononi, ni mwalimu gani huyo wa kike anayependa betri. Koleo hujibu kazi ni nyingi. Angesema nini? Aseme kwamba kila akifika hukuta kishikio kimeshuka kidogo, na kibanio kingali kimebana? Aseme kwamba akikisukuma juu, siku hizi kinakuwa kizito, kama kuna mkono upande wa pili?

Jumapili iliyopita alikuwa amekaa uani na familia yake. Chiriku alikuwa akiosha vyombo, akimsimulia mama yake kisa cha rafiki yake aliyegombana na rafiki mwingine. Mama anacheka. Katikati ya neno, mtoto akanyamaza. Sahani ikamponyoka, ikazama kwenye povu.

Koleo akasimama. Shule ilikuwa mbali, naye hakuwa na baiskeli.

"Baba," Chiriku akaita, akitazama huku na huku. "Mbona mmezima?"

Jua lilikuwa utosini.