Upepo wa Juu ya Kamba

Dobi alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuanika, alilowesha kidole, akakiinua, kisha akayapanga mashuka ili upepo uyajaze vizuri. Hivyo yalikauka upesi.

Yeye na binti yake walihamia nyumba mpya wakati wa baridi. Upande wa machweo, nyuma ya ukuta, aliishi shemeji yake, fundi redio, mdogo wa marehemu mumewe. Mlango mdogo uliunganisha nyua zao. Watoto wa fundi, ambao hawakuwa na mama, walipita hapo kila siku kwenda kula kwa mama yao mkubwa.

Msimu wa joto ulipoanza, dobi alikuta shuka la mteja limechanika. Chini yake palikuwa na kisanduku cheupe chenye waya, uzi mrefu na vipande vya mpira.

"Waya!" alisema. "Nani mwingine hapa ana waya? Shemeji!"

Fundi alichungulia mlangoni. "Hicho si changu, shemeji."

"Basi kimeshuka mbinguni?"

"Huenda kimetoka kituo cha hali ya hewa. Wao hurusha maputo."

Dobi alicheka kwa dharau. "Kituo kiko upande wa mawio. Tazama mashuka yangu: upepo unakwenda huko huko. Kitu cha kwao kitakujaje huku? Tangu lini fundi redio akamfundisha dobi upepo?"

"Sikufundishi. Nakwambia tu si changu."

Kisanduku cha pili kilipoanguka, dobi hakuuliza. Aliufunga mlango kwa komeo. Alipopakua chakula, sahani za watoto zilibaki tupu mezani. Binti yake alizitazama, naye dobi akatazama pembeni.

Kesho yake mwanamke kijana, mtaalamu wa kituo cha hali ya hewa, alikuja kuchukua makoti yake. Alikiona kisanduku dirishani.

"Kumbe kilifika huku! Mama, hiki ni chetu. Puto hukipandisha juu, nacho hutupimia joto na upepo. Puto likipasuka, huanguka."

"Haiwezekani, binti yangu. Upepo unakwenda kwenu, hautoki kwenu."

"Upepo upi, Mama?"

"Kwani kuna pepo ngapi?"

"Twende uani." Walipofika, mtaalamu akauliza, "Shuka linaelekea wapi?"

"Mawio."

"Na mawingu yale membamba, kule juu kabisa?"

Dobi alikinga macho kwa mkono. "Yanakwenda machweo," alisema polepole.

"Na puto letu huyapita hata hayo. Kule juu kuna ozoni, hewa inayonasa miale mikali ya jua na kupata joto. Wakati wa joto, upande wetu wa dunia hulielekea jua zaidi. Hewa ya juu ya upande huu hupata joto kuliko ya upande wenye baridi. Tofauti hiyo huisukuma hewa, na mzunguko wa dunia huipinda. Basi upepo wa huko hutoka mawio kwenda machweo. Baridi ikija, hugeuka."

"Na jua lenyewe halibadiliki?" aliuliza binti.

"Hubadilika, mdogo wangu. Kila baada ya miaka kama kumi na mmoja huchangamka, likatoa miale mikali zaidi, kisha hutulia. Huku chini hatuhisi, lakini kule juu sana joto na pepo hubadilika. Ndiyo maana hatuachi kupima. Mkiokota kisanduku, msikivunje; kileteni kituoni."

Dobi aliugeukia mlango mdogo.

"Nimeanika maisha yangu yote," alisema, "na sikuwahi kuinua macho juu ya kamba."

Akaliondoa komeo. "Hodi, shemeji."

Fundi hakuinuka kitini. "Kuna takataka nyingine?"

"Ipo. Ni maneno yangu. Nimekuja kuyaondoa."

"Maji yakimwagika hayazoleki, shemeji."

"Mimi ni dobi. Maji hayanishindi. Nisamehe."

Fundi alijaribu kununa, akashindwa. Watoto walikuwa wamekwisha kumpita mbio, wakielekea mezani.

Mlango haukufungwa tena. Kila kisanduku kilichoanguka, watoto walikipeleka kituoni. Baridi iliporudi, hakikuanguka hata kimoja. Asubuhi moja dobi alilowesha kidole, akakiinua, kisha akatazama juu kabisa.

"Sasa vinawaangukia watu wa mawio," alimwambia shemeji yake. "Sijui huko wanamgombeza nani."