Gemu Iko kwa Mbio

Msusi alikaa kwenye zulia la sebuleni kwake, akawasha mashine ya kuchezea gemu, akabonyeza ile ya farasi, na gemu ikamgomea. Runinga iliandika maneno machache tu: "Gemu hii iko kwa Mbio."

Mbio alikuwa mdogo wake, na Mbio alikuwa kaburini.

Mwenye akili zake angezima mashine akaenda kuosha vyombo. Msusi akampigia mama yake simu.

"Mama, kuna mtu anachezea mashine ya Mbio?"

"Nani achezee? Mimi, na macho haya? Iko kabatini, chini ya mablanketi."

"Haijachomekwa kwenye umeme?"

"Ichomekwe na nini? Waya wake nimeanikia nguo. Kwani vipi?"

"Basi tu, mama."

"Unamkumbuka. Lia, mwanangu, usijibane. Wewe huna la kujutia. Ulimtendea mema mpaka pumzi yake ya mwisho."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda, na kidonda kisipofunuliwa hakioshwi.

Gemu zote zilikuwa za Msusi, kanunua mwenyewe kwa akaunti yake. Mashine zilikuwa mbili: moja kwake, moja kwa mama, kando ya kitanda cha Mbio. Huyo aliitwa Mbio tangu utotoni kwa sababu hata chooni alikwenda mbio. Alipofika ukubwani maradhi yakamla miguu, yakamwacha amelala kama gunia la chumvi. Msusi akafungua kikundi cha familia ndani ya mashine. Yeye alikuwa kichwa, Mbio akatiwa, na mama naye akatiwa kwa heshima tu, maana hata redio alikuwa akiwashiwa. Aliye ndani ya familia aliweza kuazima gemu, akaichezea kwenye mashine yake kama ya kwake. Lakini gemu ni kijiko kimoja: ikiwa mdomoni mwa huyu, yule anangoja. Na mwenye gemu akiitaka, anabonyeza tu, inamtoka mwazimaji mkononi hata kama yuko katikati ya mchezo.

Mbio aliishi ndani ya ile gemu. Humo alipanda farasi, akakata nyika yote, miguu ya farasi ikawa miguu yake.

Sasa, siku ya mwisho ya Mbio, Msusi alirudi kutoka saluni na hasira. Mteja alikuwa amesukwa kichwa kizima, kajitazama kwenye kioo, kasema fumua. Msusi akataka gemu yake apumue. Mbio akamwandikia: "Dada, niachie kidogo tu. Leo farasi anakimbia vizuri."

"Kila siku kidogo, kidogo," Msusi akasema peke yake, akabonyeza.

Akacheza kwa raha zake. Jua lilipokuwa linazama mama akapiga simu akilia. Mbio amekwenda, padi ya kuchezea mkononi, macho kwenye runinga. Runinga ilikuwa imeandika "Mwenye gemu ameichukua," lakini mama hajui kusoma.

"Kafa anacheza," mama alimwambia kila aliyekuja kutoa pole. "Dada yake ndiye aliyempa ile furaha. Huyu mtoto Mungu amlipe nini?"

Na mtoto huyo akainamisha kichwa. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Ndiyo maana runinga ilipomwambia gemu iko kwa Mbio, Msusi hakushtuka kama mtu aliyeona ajabu. Alishtuka kama mwizi aliyeitwa kwa jina. Akabonyeza pale pa kurudisha. Ujumbe ukaingia: "Dada, niachie kidogo tu."

Wa zamani huo, akajiambia. Akabonyeza tena. Ukaingia mwingine chini yake, maneno yaleyale. Chumba kikaanza kunuka dawa ya kuchua, ile kali ya mafuta ya karafuu aliyokuwa akipakwa Mbio magotini. Hapo mtu mwenye huruma angesema, haya, kaa nayo. Msusi aliogopa, na mwoga ana mkono mzito kuliko mwenye hasira. Akabonyeza mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka kucha ikapasuka.

Gemu ikafunguka. Farasi alisimama katikati ya nyika, ametota jasho, tandiko tupu.

Akataka kuinuka akazime. Miguu haikuwepo.

Si kwamba ilikatika. Aliiona pale zuliani, miwili, na rangi yake ya kucha. Ila ilikuwa kama ya mtu mwingine. Akaifinya, haikuuma. Na akiwa bado anaifinya, akasikia kandambili zinatembea kule ukumbini, taratibu, paa, paa, zikienda jikoni na kurudi, na ule mguu wa kulia ukiburuta kidogo kama unavyoburuta wa kwake tangu ajifungue vibaya, na harufu ya dawa ya kuchua ikija na kwenda pamoja na hatua, na yeye pale chini amekaa, hawezi hata kujisogeza, akasikiliza mwendo wake mwenyewe ukizunguka nyumba bila yeye, ukasimama nyuma ya mlango, ukakaa hapo muda mrefu kama mtu anayengoja kukaribishwa, kisha ukaanza kukimbia.

Miguu ilimrudia wakati wa chakula cha jioni, ya baridi, na nyayo zina vumbi.

Ikawa hivyo kila alasiri. Saluni aliangukia beseni, mteja ana povu kichwani.

"Shoga, una mimba?" mteja akamuuliza.

"Mimba ya miguu?"

"Basi katazamwe. Sisi tutabaki na vichwa nusunusu kama ndizi iliyomenywa ikaachwa."

Daktari hakuona kitu. Akaenda kwa Bi Mafusho, mganga aliyesifika kwa kutoa majini na kutukana wagonjwa. Bi Mafusho alisikiliza mpaka mwisho, anatafuna tumbaku.

"Mashine mimi sizijui," alisema. "Kuazima nakujua. Maiti haazimi kitu, mwanangu, hana pa kukiweka. Huyo ni jini."

"Lakini anaandika kama Mbio."

"Ndugu yako aliomba, hakujibiwa. Ombi lisilojibiwa ni mlango uliosahauliwa wazi, anaingia yeyote mwenye njaa. Kaingia kwa jina la ndugu yako, sasa na yeye ni wa familia. Anafuata sheria yako wewe: kikiwa kwa mmoja, mwingine angoje. Wewe umemnyang'anya gemu, naye akaazima kingine."

Msusi akanong'ona, "Atoke vipi?"

"Nitakufukiza, moshi utapanda, utakohoa. Hiyo ni ya kukutuliza tu. Kumtoa ni kazi yako. Nenda kwa mama yako, umwambie kwa mdomo wako ulichofanya. Ukishasema, mfute huyo Mbio kwenye hiyo familia yenu."

"Na nikimfuta tu, bila kusema?"

Bi Mafusho akatema tumbaku. "Utakuwa umemtoa kwenye mashine."

Msusi akaenda kwa mama. Njia nzima alikuwa na maneno kinywani, ameyapanga kama vibanio kwenye sahani. Akamkuta mama na jirani, wanachambua mchele.

"Huyu sasa," mama akamwambia jirani, "huyu ndiye niliyekuwa nakusimulia. Dada wa namna hii hazaliwi tena."

"Mama, nina neno."

"Sema, kipenzi changu."

Jirani akainua macho kwenye sinia. Mama akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu maziko, na Msusi akaliona lilivyo jembamba na lilivyoning'inia kwenye uzi mmoja tu.

"Nimekuletea sabuni," akasema.

Akarudi kwake, akawasha mashine, akafungua familia. Jina la Mbio lilikuwa pale na alama ya kijani, hai. Ujumbe ukaingia: "Dada." Akafuta. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika, akijua kwamba anamtoa mdogo wake kwa mara ya pili. Jina likazimika.

Alasiri iliyofuata miguu ikabaki yake. Na iliyofuata. Msusi akasimama saluni kutwa, akapiga soga, akamtania hata yule mteja wa kufumua. Simu ikaita. Mama.

"We mtoto, chezo gani hili?" Mama alikuwa anacheka. "Jina lako ndilo la kwanza kwenye simu, kidole kimeteleza kimekupigia, nawe uko hapa hapa mlangoni kwangu! Sema basi."

Msusi akafungua mdomo aseme, mama, mimi niko saluni. Midomo ikacheza. Haikutoka hata pumzi.

"Ingia, mbona unasimama?" mama akasema, mbali na simu sasa.

Kisha Msusi akaisikia, wazi kabisa, ikitokea kule: sauti yake mwenyewe, na ukwaruzo wake wa asubuhi, na namna yake ya kuvuta mwisho wa maneno.

"Mama, keti. Kuna jambo la Mbio sijakwambia."

Ikasema yote. Ikasema alivyoomba, ikasema kitufe, ikasema runinga iliandika nini mkono wa Mbio ulipokuwa unapoa. Haikuongeza wala kupunguza. Ilipomaliza, ikacheka kidogo.

Kule chombo kikaanguka, mchele ukamwagika sakafuni, punje punje, kwa muda mrefu.

"Toka," mama akasema. "Toka nyumbani kwangu, na usiniite tena mama."

Wateja walimwona Msusi amesimama na kitana mkononi, kwenye miguu yake miwili mizima, mdomo wazi, machozi yanamtiririka, akiipigapiga ile simu kwa kiganja kama anayegonga mlango. Alitaka kusema aliye kule si yeye. Lakini hata kama angekuwa na sauti angesema nini? Kila neno lilikuwa lake. Cha mgeni kilikuwa kicheko tu.