Dawa ya Gurudumu la Nyuma

Tegeni masikio, nyote mliowahi kupenda. Nawaletea penzi kuu kuliko yote yaliyopita katika barabara zetu. Lilianza tairi lilipotoboka.

Dada yangu, nesi, alikwama kwenye makutano yenye magari tele, sare nyeupe imenyooka kwa pasi, msumari umezama kwenye tairi la nyuma la baiskeli yake. Akainama auchomoe.

"Usiuchomoe," akasema fundi baiskeli mwenye ovaroli ya buluu. "Tairi hili halina tyubu. Ndani kuna dawa ya majimaji. Zungusha gurudumu, dawa ifike penye tundu, itaziba."

"Na isipoziba?"

"Utanipigia simu."

Iliziba. Akampigia hata hivyo.

Baada ya miezi mitano ya "mpenzi, umekula?", wazee wa fundi walipanga kuja kwetu kuposa Jumamosi. Alhamisi fundi akamjazia dada dawa mpya tairini. "Sasa nenda popote, malkia wangu."

Ijumaa dada alikwenda kuchanja watoto kituo cha mbali. Njiani akachomwa na mwiba. Akazungusha gurudumu, akazungusha tena. Upepo ukaisha wote. Alisukuma baiskeli saa mbili juani. Alipofika, akina mama walikuwa wameshaondoka.

"Uliniambia umejaza," alisema kwenye simu.

"Nilijaza, mpenzi."

"Tairi kavu. Mchumba wangu wa kwanza alinificha kuwa ana mke. Wewe umenidanganya kwa kijiko cha dawa, tena bila sababu. Kesho msije."

Akakata. Usiku hakula.

Jumamosi fundi alikuja peke yake, shati limepigwa pasi, koleo mkononi. Dada hakumkaribisha kiti. Fundi akalivua tairi palepale uani, akapitisha kidole ndani.

"Dawa ikikauka huacha utando. Hapa hakuna. Mtu ameivuta kupitia vali, kwa sindano."

Dada akatazama mkoba wake wa kazi. Kisha akanitazama mimi.

Basi. Ni mimi. Likizo ilikuwa inaisha, nikataka gundi ya kupaka kiti cha kiranja wa bweni. Chupa ya dawa niliyoivuta imo sandukuni, chini ya soksi. Na Ijumaa, dada alipokuwa analia chumbani, nilikuwa mlangoni nikisikia kila kitu. Ningeweza kusema. Nikaenda kufunga sanduku.

Dada alimwambia fundi, "Nisamehe. Waambie wazee waje."

Mimi hajaniambia neno mpaka sasa.