Kengele za Roma

Kila Ijumaa asubuhi Nafula alipiga pasi gauni lake la kanisani, huku mama yake, Phyllis, akikaanga mandazi na baba yake, Wesley, akitafuta funguo za gari zilizokuwa palepale alipoziacha. Huko Doha, Qatar, watu wengi walisali Ijumaa, kwa maana Jumapili walikuwa kazini. Familia ilitoka mtaani kwao Muaither, ikampitia Augustine, mlinzi wa ghala na mtu wa kwao Kimilili, kisha wakaenda wote ibadani. Makanisa yalijengwa ndani ya ukuta mmoja, bila msalaba kwa nje wala kengele.

Ijumaa moja ya Juni 2014, kabla hawajatoka, simu ililia. Alikuwa Kukhu, nyanya yake Nafula. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kaburi lake lilikuwa bado udongo mtupu. Kwa desturi yao, jiwe la kwanza la kulijengea lilipaswa kuwekwa na kifungua mimba, na kifungua mimba alikuwa Baba. Kukhu alitaka kujua watafika lini.

"Mama, kampuni imeninyima khuruj," Baba alisema kwa sauti ya huzuni. "Mwaka huu hatuji."

Nafula aliduwaa. Khuruj ilikuwa karatasi ya ruhusa ambayo bila hiyo mfanyakazi mgeni hakuweza kutoka nchini. Ya Baba ilikuwa juu ya friji, ndani ya bahasha moja na tiketi za Vienna, Venisi, Roma na Paris.

"Baba, mbona unamdanganya Kukhu?"

"Nyamaza! Miaka sita kila likizo ni nyumbani, ni michango, ni matanga. Mara moja tu nataka kuwatembeza. Kukhu akikuuliza, tuko Doha. Umesikia?"

Nafula alifura kwa hasira. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alijibu, "Nimesikia," na alijua sababu. Alitaka kuuona mnara wa Paris, na darasa zima lilikuwa limeshasikia habari hizo.

Vienna mvua iliwapokea. Walikuwa wameketi mkahawani, miavuli ikichuruzika chini ya meza, Kukhu alipopiga namba ya Doha ya Baba na Nafula akapokea.

"Joto linawachoma huko, mjukuu wangu?"

"Sana, Kukhu."

"Vumilieni. Sisi kina mama wa kanisa tunafunga siku tatu. Tunaomba wakubwa wa baba yako walegeze mioyo, wampe hiyo karatasi."

Keki ya chokoleti iliwekwa mbele ya Nafula. Hakuweza kuila. Aliwaeleza wazazi wake maneno ya Kukhu, na Mama akakiweka kijiko chini kwa kishindo.

"Wesley! Mama wa miaka sabini na miwili anashinda njaa kwa ajili yako?"

"Tukirudi nitamwambia."

Tangu hapo safari iliingia shubiri. Venisi waligombana juu ya ramani, wakagombana juu ya mashua, wakagombana juu ya nani aliyeanza kugombana. Kwenye picha wote walitabasamu, lakini kamera iliposhushwa kila mtu alinuna upande wake.

Roma walifika Jumamosi. Kesho yake walikuwa wakila aiskrimu kwenye uwanja wenye chemchemi Kukhu alipopiga tena. Nafula alikuwa hajasema hata "shikamoo" kengele za kanisa zilipoanza kulia juu ya vichwa vyao. Zililia kwa nguvu, moja ikiipokea nyingine.

"Nafula," Kukhu aliuliza taratibu, "si mliniambia huko Doha kanisa halina kengele?"

Baba aliinama. "Sema ni televisheni," alinong'ona. "Sema!"

Hasira aliyoibeba tangu Muaither ilimpanda Nafula.

"Sisemi! Kukhu, hizi ni kengele za kweli. Tuko Roma tunatalii. Khuruj Baba alipewa. Na kule Vienna mimi pia nilikudanganya."

Baba alimpokonya simu. Sauti ya Kukhu ilitoka kali hadi watu wa karibu wakageuka.

"Wesley! Nimewapigisha magoti wanawake kumi na wanane! Mama Charity ana kisukari na alifunga! Nitawaambia nini?" Kisha simu ikakatwa.

"Umeniaibisha!" Baba alimfokea Nafula.

"Umejiaibisha mwenyewe," Mama alijibu. "Mtoto amesema lile uliloshindwa kulisema wewe."

Aiskrimu ilimyeyukia Baba mkononi. Mwishowe alisema, "Paris hatuendi. Siku za likizo zilizobaki ni za nyumbani." Nafula aliulilia ule mnara, tena kwa uchungu, lakini hakumwomba abadili nia.

Waliporudi Doha, Baba alishinda ofisini siku tatu akiomba khuruj nyingine, kwa maana ile ya kwanza ilikuwa ya safari moja tu. Siku hizo hakugusa chakula cha mchana, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alipoipata, Augustine alikuja kusaidia kubeba mizigo. Baba alimweleza yote.

Augustine aliliweka sanduku chini. Macho yake yalikuwa yamewaka.

"Mama yangu alipokuwa mochari niliomba karatasi hiyo wiki tatu, wakaninyima. Akazikwa bila mimi. Leo wewe unaifanya kisingizio cha matembezi? Kesho mwingine akinyimwa kweli, huko nyumbani nani atamwamini?"

"Nisamehe, ndugu yangu," Baba alisema akitazama sakafu.

Augustine alimgeukia Nafula. "Na wewe, ukweli uliusema, hongera. Lakini ungempigia Kukhu ukiwa hapa Muaither, wale kina mama wasingeshinda njaa. Ukiona uongo, usikae ukinuna tu. Sema mapema, kwa heshima, kabla haujapanda ndege."

"Ndiyo, Anko," Nafula alijibu.

Baba alipiga simu. "Mama, nimekosa. Tunakuja kesho."

"Jiwe liko," Kukhu alijibu. "Na wale kumi na wanane watakuwepo. Utawaeleza wewe mwenyewe, umesimama, kabla hujashika saruji. Mpe mtoto simu."

Nafula aliichukua kwa mikono miwili. "Kukhu, nisamehe."

"Nimekusikia. Lakini bado nimekasirika."

"Hata mimi, Kukhu."

"Basi njoo," Kukhu alisema. "Tutakasirika pamoja tukiwapikia wageni wa babu yako."