Rovu Lililofichwa

Kabla hajanywa chai wala kuchana nywele, Eveline alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko kazi zote za nyumbani: kumwaga kopo la bibi. Lilikuwa kopo la bati lililowahi kuwa na maziwa ya unga, na usiku kucha Bibi Rozalia alitemea humo mate. Wala hayakuwa mate ya kawaida. Yalikuwa mazito, yanavutika, na mengine yalinata ukingoni yakakataa kumwagika. Eveline alilishika kopo kwa ncha za vidole, akageuza uso, akaziba pumzi na kukimbia nalo hadi chooni. Akirudi alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, na bado alipokaa mezani uji ulimkataa.

"Kamwene, mke mwenzangu," bibi alimsalimu kila asubuhi, kwa sauti iliyokwaruza.

"Shikamoo bibi," Eveline alijibu bila kumtazama.

Hakutaka kumtazama kwa sababu ya shingo. Bibi Rozalia alikuwa amekuja Iyunga, jijini Mbeya, baada ya mavuno. Alitoka kijijini kwao milimani Iringa na gunia la viazi, kuku wawili na rovu. Viazi vililiwa, kuku wakachinjwa, rovu likabaki. Lilikuwa uvimbe mkubwa kuliko parachichi, umekaa mbele ya koo, wenye mishipa iliyotutumka. Bibi akimeza, nalo lilipanda na kushuka. Eveline alipoliona likifanya hivyo wakati wa kula, alijikuta akihesabu matonge ili amalize haraka aondoke.

Mama yake Eveline, Devota, ambaye ndiye binti wa bibi huyo, naye hakulipenda. Yeye alikuwa fundi cherehani na kiongozi wa kikundi cha akina mama kanisani, mtu wa watu, na nyumba yake haikukosa wageni. Alimnunulia bibi mtandio mzito wa kufunika shingo, akamwagiza asiuvue hata mchana wa jua kali. Baba alikuwa dereva wa malori, leo yuko Tunduma, kesho Zambia, kwa hiyo mambo ya nyumbani aliyaamua mama.

Mama mwenyewe hakuwa mzima. Alikuwa na kisukari, na uzito wake ulikuwa umezidi kiasi kwamba magoti yalimlilia kila alipoinuka kwenye cherehani. Alikuwa amejitahidi. Alipunguza wali, akaacha soda, akatembea kila jioni hadi stesheni ya treni na kurudi. Uzito ulipungua kidogo, ukarudi. Ndipo Daktari Obeid, aliyekuwa akimtibu kliniki, akamwambia kuna sindano ya kuchoma mara moja kwa wiki, ambayo ingemsaidia kupunguza uzito na sukari pia.

Siku ya kwenda kuzungumzia sindano hiyo, Eveline alifuatana na mama yake ili asikilize maelekezo, kwani ndiye angemsaidia nyumbani.

"Mama Eveline, sindano hii si ya urembo," Daktari Obeid alianza. "Wapo wanaoinunua mitandaoni na kuchomana wenyewe kama wanachanja kuku. Mimi siianzishi mpaka nimjue mgonjwa wangu vizuri. Umewahi kuugua kongosho?"

"Hapana, dokta."

"Mawe kwenye nyongo? Una ujauzito, au unapanga kupata?"

"Hapana yote."

"Dawa nyingine unazotumia? Hata za kienyeji, usinifiche."

Mama akacheka kidogo kwa aibu, akafungua mkoba na kutoa chupa ya mizizi aliyopewa na jirani. Daktari akainusa, akakunja uso, akamwomba aiache. Mpaka hapo Eveline alijivunia mama yake.

"La mwisho," alisema daktari. "Kuna aina moja ya saratani ya tezi ya shingoni. Haitokei mara nyingi, lakini inaweza kurithiwa. Mtu mwenye saratani hiyo, au ambaye mzazi wake au ndugu yake wa damu aliwahi kuwa nayo, hatumwanzishii sindano hii. Kwenu kuna yeyote mwenye uvimbe shingoni? Mama, dada, shangazi?"

Mkono wa mama ukapanda wenyewe hadi kwenye kola ya gauni lake.

"Kwetu hakuna, dokta," alisema. "Shingo zetu ni safi."

Eveline alihisi kichefuchefu kilekile cha kila asubuhi, ingawa hapakuwa na kopo mbele yake. Huyu ndiye mama aliyewahi kumnyima chakula cha jioni kwa kudanganya kuhusu kitabu cha maktaba! Leo uongo ulimtoka laini kama salamu. Eveline alitazama sakafu.

Njiani aliuliza, "Mama, na bibi je?"

"Bibi ana nini?"

"Rovu."

Mama alisimama, akihema. "Rovu si ugonjwa, Eveline. Enzi zile kijijini kwetu kila nyumba ilikuwa na mtu mwenye rovu. Watu walikosa chumvi yenye madini joto, basi, hakuna la zaidi. Sasa nimwambie dokta ili aninyime sindano? Magoti haya utayabeba wewe? Na ole wako ufungue mdomo mbele za watu."

Eveline akatii. Alimwogopa mama, lakini tuseme ukweli wote: naye hakutaka daktari yule nadhifu ajue kwamba shingo ile ilikuwa ya damu yake.

Jumamosi iliyofuata akina mama wa kanisani walikuja kwa mazoezi ya kwaya. Mama alimshika bibi kiwiko kabla hawajabisha hodi. "Mama, nenda kakae stoo kidogo. Huku kuna baridi."

Baridi! Katika stoo ile kulikuwa na mkaa, vitunguu vilivyoanza kuoza, na mahali fulani nyuma ya magunia panya aliyekufa ambaye hakuna aliyewahi kumpata. Harufu ilimkaba mtu tangu mlangoni. Humo ndimo alimokalishwa mzee wa watu, juu ya ndoo iliyofunikwa, huku sebuleni akina mama wa kanisani wakiimba kuhusu upendo wa Mungu.

Eveline alitumwa kumpelekea ugali na maharage. Aliweka sahani magotini mwa bibi, akageuka aondoke, ndipo akasikia mluzi. Aliporudisha macho alimwona bibi ametoa macho, mdomo wazi, kifua kinavuta hewa isiyoingia. Sahani ikaanguka.

"Bibi!"

Alimwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja. Tonge likatoka pamoja na maharage na mate marefu, vyote vikamwagika kwenye sketi ya Eveline na kutiririka mguuni. Vilikuwa vya moto. Eveline alitaka kupiga kelele na kutapika kwa pamoja, lakini midomo ya bibi ilikuwa imeiva rangi ya zambarau, na mtu hawezi kumwachia mtu aliye katika hali hiyo. Aliendelea kumshikilia mpaka pumzi ikarudi.

"Haipiti, mke mwenzangu," bibi alinong'ona. Mtandio ulikuwa umemteleza. "Tangu mahindi yavunwe, chakula hakipiti vizuri. Mate yenyewe yamegoma kushuka, ndiyo maana natema."

Eveline aliduwaa. Kumbe lile kopo lililomtia kinyaa miezi yote hii lilikuwa likimwambia jambo, naye alikuwa akiziba pua!

"Umemwambia mama?"

"Mama yako ana wageni."

Hapo Eveline hakuweza kuvumilia. Alimweleza bibi habari ya kliniki, swali la daktari na jibu la mama. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Akasema hakuna?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi Rozalia akauvuta mtandio, akaufunga tena vizuri shingoni. Eveline akaenda kufua sketi huku akijichukia.

Siku ya kuanza sindano ilifika. Muuguzi Yusta aliweka mezani sindano yenye umbo la kalamu na kuwaelekeza taratibu.

"Tunaanza na dozi ndogo, tunapandisha polepole. Usijipandishie mwenyewe kwa tamaa ya kukonda haraka. Utachoma tumboni au pajani, na kila wiki utabadilisha mahali. Kalamu yako ni yako peke yako, hata dada yako usimwazime. Itunze kwenye friji, lakini isigande. Kichefuchefu kinaweza kuja, kwa hiyo kula kidogo kidogo na unywe maji. Ukitapika mfululizo, au tumbo likiuma sana hadi mgongoni, njoo hapa mbio. Umeelewa, binti?"

"Nimeelewa," alisema Eveline.

Daktari Obeid aliingia kushuhudia. Mama akainua blauzi. Muuguzi akapangusa ngozi kwa pamba, akachomoa kifuniko cha kalamu. Eveline aliitazama ile ncha ndogo inayong'aa ikisogea kwenye tumbo la mama yake, akamkumbuka bibi na midomo yake ya zambarau. Na kama uvimbe ule ulikuwa ndio wenyewe aliousema daktari?

"Subirini!" alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mama yangu anaye mama mwenye uvimbe shingoni. Yupo nyumbani. Hawezi kumeza hata mate."

"Eveline!" Mama alishusha blauzi kwa hasira. "Mtoto huyu mwongo, dokta! Sijui nani..."

Hakumaliza. Daktari alikuwa akimtazama tu, bila kukasirika, na mbele ya macho yale mama alikosa pa kushika. Machozi yakaanza kumtoka.

"Ni rovu tu, dokta," alisema hatimaye. "Rovu la kwetu la kawaida."

"Huenda ni la kawaida. Lakini wewe umejuaje? Nani amelipima?" Daktari Obeid akamwashiria muuguzi arudishe kifuniko. "Leo hatuchomi. Mleteni bibi kwanza."

Kurudi nyumbani mama alitangulia mbele bila kumsubiri Eveline. Usingizi haukumpata binti huyo, kwani alijua kama amekosea, basi amemkosesha mama dawa bure. Lakini kulipokucha mama mwenyewe ndiye aliyemvalisha bibi koti na kuita bajaji.

Daktari alilipapasa rovu kwa vidole, akamsikiliza bibi anavyohema, akampeleka kupigwa picha, kisha sindano nyembamba ikachukua maji kidogo ya uvimbe kwenda maabara. Walisubiri majibu kwa majuma kadhaa. Mama alishona nguo mbovu siku hizo, mikono ya blauzi anaiweka upande mmoja.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote watatu.

"Si saratani," alisema, na mama akashusha pumzi kwa kishindo. "Ni rovu la kukosa madini joto, kama ulivyosema. Kwa hiyo sindano yako tunaweza kuianza leo. Lakini sikiliza. Rovu hili limekua kwenda ndani ya kifua, linabana njia ya hewa. Mama yako mzazi alikuwa akinyongwa polepole ndani ya nyumba yako. Inabidi apasuliwe mwezi huuhuu."

Mama aliinamisha kichwa.

"Ulinijibu maswali yangu yote kwa ukweli isipokuwa moja," daktari aliendelea. "Daktari hana macho ya kuona ukoo wako. Anakuona kwa yale unayomwambia. Ukimpa ukweli nusu, anakupa tiba ya kubahatisha. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio hicho kingekuwa cha mama yako."

Mama alichomwa dozi yake ya kwanza siku ileile. Ilimletea kichefuchefu cha siku mbili tatu, akala kidogo kidogo kama alivyoagizwa, na Eveline ndiye aliyemkumbusha kunywa maji. Bibi naye alilazwa hospitali, akapasuliwa salama.

Walipokwenda kumwona wodini, dawa ya usingizi ilikuwa bado inamsumbua. Alijiinua ghafla, mkono mdomoni. Eveline alidaka beseni, akalikinga chini ya kidevu chake. Yaliyotoka yalikuwa ya kijani na yananuka. Kinyaa kikampanda Eveline kama kawaida yake, lakini mikono haikuliachia beseni.

Bibi alipotulia, alimtazama mama. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukwaruza tena.

"Devota mwanangu, mimi na rovu tulishazoeana. Stoo nayo nilivumilia. Kilichoniuma ni kimoja. Uliulizwa kama una mama mwenye uvimbe shingoni, ukasema hakuna. Uvimbe ule ulikuwa kwenye shingo yangu. Ulipoukana, ulinikana na mimi."

Mama alipiga magoti yake mabovu pale sakafuni, akaweka uso kwenye shuka na kulia kwa sauti, wagonjwa wengine wakageuka kutazama. "Nisamehe, mama. Nisamehe."

Bibi akaweka mkono juu ya kichwa chake. Kisha akamgeukia Eveline aliyekuwa bado ameshika beseni.

"Na wewe, mke mwenzangu, nilikuwa nakuona ukiziba pua. Usione haya. Kinyaa hakikatazwi, tumbo likikataa limekataa. Lakini mtu akikutia kinyaa, usimfiche. Msogelee umtazame, useme ulichokiona. Mgonjwa aliyefichwa hapati dawa."

"Nimesikia, bibi," alisema Eveline, akaenda kumwaga beseni.