Mikwaruzo ya Gari Jeusi

Mjini Same hakuna mtoto asiyejua uzito wa dumu la lita tano. Agape aliujua tangu darasa la kwanza. Kila asubuhi alilitoa dumu lake nyuma ya mlango, akalijaza kwa jirani mwenye kisima, akajitwika, akavuka barabara kuu baada ya kutazama mabasi pande zote mbili, kisha akateremka hadi shuleni. Bomba la shule lilitoa maji siku moja kwa wiki. Siku zilizobaki lilikohoa tu. Kwa hiyo maji ya shule yalikuja juu ya vichwa vya watoto, na aliyekuja mikono mitupu alirudishwa kuyafuata.

Sasa Agape alikuwa darasa la sita, tena kiranja wa maji. Alisimama kando ya pipa akiwa ameshika kata, na hakuwa na mzaha.

"Maji haya ni ya uji, ya kunawa mikono na ya miche," alikuwa akisema. "Basi."

Siku moja kijana wa darasa la saba, mrefu kumshinda mwalimu, alitaka kata moja tu ya kuoshea viatu. Agape alikalia mfuniko wa pipa mpaka kengele ikalia.

Rafiki yake mkubwa alikuwa msichana mwenzake, Mwamvita. Baba yake Mwamvita alitoka Kigoma zamani kuja kukata mkonge, na huko shambani ndiko binti huyo alikojifunza kufunga nyuzi za mkonge zikawa donge dogo la kusugulia. Kwa donge hilo na majivu kidogo, sufuria kubwa ya uji ilitoka nyeupe kama mpya.

"Wee Mwamvita, hiyo sufuria utaimaliza unene," Agape alimtania.

"Acha iishe. Mimi nataka nijione meno."

Mwezi wa tisa ukafika, na mahafali ya darasa la saba. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa tano. Mgeni rasmi alikuwa Bwana Melkizedeki, mzaliwa wa Vudee huko juu milimani, ambaye sasa alikuwa na biashara zake Dar es Salaam. Alikuwa amekwenda kwanza kusalimia ukoo wake, kwa hiyo gari lake liliteremka kwa njia ya vumbi. Lilikuwa gari jeusi, lakini siku hiyo ungeapa ni la rangi ya udongo.

Mgeni akaingia ukumbini kwa makofi. Dereva wake, Mzee Abednego, akapelekwa kula. Mwalimu Sadock, mwalimu wa zamu, akamwita Agape pembeni.

"Unaliona lile gari? Mgeni akitoka alikute linang'aa. Chukua wenzako, chukua maji."

"Mwalimu, maji yaliyobaki ni ya miche."

"Miche imekuuliza?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi na wewe usiniulize."

Agape alilitazama pipa. Yeye aliyewanyima watu maji ya viatu alifungua mfuniko kwa mkono wake mwenyewe. Tumbo lilimwambia kataa, mdomo ukasema ndiyo. Watoto wengi hutii hivyo, na watu wazima pia.

Jua la saa saba lilikuwa utosini. Walimwaga maji kidogo kidogo, wakiogopa kuyamaliza, wakatia sabuni ya unga, wakafuta kwa matambara. Vumbi likageuka tope. Tope likashika kwenye milango.

"Halitoki," alisema Mwamvita.

"Ziko wapi nyuzi zako?"

"Za sufuria?"

"Ndiyo, za sufuria. Kinachong'arisha chuma ni kimoja. Sugua kwa nguvu, tena zungusha."

"Agape, hili ni gari."

"Mimi ndiye kiranja. Sugua."

Mwamvita akasugua mlango wa mbele, Agape akachukua nusu ya donge akasugua wa nyuma. Povu lilikuwa jingi, nao wakafurahi. Walifanya walichofundishwa kuwa ndiyo bidii. Hawakujua kwamba kinachofaa sufuria hakifai rangi ya gari. Tangu shule ile ijengwe, hakuna aliyewahi kuwaambia. Walichowahi kuambiwa ni "osheni upesi".

Maji ya mwisho yalipomwagwa, jua likaukausha mlango papo hapo. Hapo wakaona. Mikwaruzo myembamba ya mviringo ilijaa pote, mmoja juu ya mwingine, kama utando wa buibui. Mwamvita akapitisha kidole. Haikufutika.

Wakati huohuo ukumbi ukafunguka.

Bwana Melkizedeki alikuja akicheka na walimu. Alipofika kwenye gari kicheko kikakatika.

"Nani kafanya hivi?"

Wazazi wakasogea. Mwalimu Sadock aliokota donge la nyuzi lililokuwa karibu na gurudumu, akaliinua juu watu walione.

"Hizi ni za nani?"

"Zangu, mwalimu," alisema Mwamvita kwa sauti ndogo.

"Nilijua. Mtoto wa manamba utamjua tu. Kwenu mnasugulia mikonge, hapa unasugulia gari la mheshimiwa. Nenda nyumbani. Usirudi mpaka baba yako aje."

Neno hilo, manamba, lilikuwa la zamani. Ndivyo walivyoitwa watu walioletwa kutoka mbali kukata mkonge, kila mmoja akapewa namba kama gunia. Waliolitunga wamekufa, lakini neno lenyewe bado lilikuwa na meno.

Mwamvita hakulia. Alianza kufunga begi lake. Agape alijua maana yake. Baba yake Mwamvita alikuwa ameshasema mbele ya wote wawili: siku utakayorudishwa nyumbani kwa kosa, shule basi, utakwenda Tanga kwa shangazi yako ukauze maandazi. Naye hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

Agape alinyamaza. Akahesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Alingoja mtu mwingine aseme. Mwamvita alimaliza kufunga begi, akapita mbele yake bila kumtazama, na kule kutomtazama ndiko kulikomuuma.

"Mwalimu," Agape alisema. "Nyuzi ni zake. Amri ilikuwa yangu."

"Agape, nyamaza. Wewe ni mtoto mzuri. Bibi yako ni mzee wa kanisa, yupo pale anakuangalia."

"Ndiyo maana nasema. Mwamvita alikataa, nikamlazimisha. Mlango ule ameusugua yeye, huu nimeusugua mimi. Ukimrudisha yeye, unarudisha wawili."

"Nimesema nyamaza."

"Na aliyetutuma kuosha ni wewe, mwalimu. Nilikwambia maji ni ya miche."

Watu wakaguna. Mwalimu Sadock aliinua mkono, akaona wazazi wanavyomtazama, akaushusha. Agape hakutoka pale aliposimama.

Kutoka nyuma akaja Mzee Abednego, bado anafuta midomo. Alilizunguka gari lake polepole kama daktari. Akainama mlangoni. Kisha akaenda mbele, akatazama boneti kwa upande ili mwanga uanguke, akakaa hapo muda mrefu.

"Mzee," alimwambia bosi wake, "hii ya mviringo milangoni ni ya watoto. Lakini njoo uone huku. Boneti na paa havikuguswa na nyuzi. Mistari hii imenyooka, mirefu. Hii ni yangu."

"Yako vipi?"

"Kila asubuhi nalifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, ili ukitoka ulikute safi. Vumbi ni mchanga, mzee. Unapolisugua kavu unachora. Mwaka mzima nimekuwa nikichora, halafu napaka mafuta kuficha. Gari jeusi halitunzi siri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa kupoteza kazi yangu. Kama huyu binti naye anavyoogopa, ila yeye kaniwahi kusema."

Bwana Melkizedeki alikunja uso. "Sasa niwashukuru? Nimekuja kuwasaidia, gari langu linaharibiwa, halafu nasimama hapa nahutubiwa na mtoto."

Ndipo Bibi Dorkas, bibi yake Agape, alipoinuka na mkongojo wake.

"Melkizedeki mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaikumbuka ndiva ya kwenu?"

Kila mtu wa milimani aliijua ndiva, bwawa la kijiji linalokusanya maji ya kumwagilia mashamba. Watu hulichimba na kulitengeneza pamoja kwa msaragambo, kazi ya wote bila malipo, na maji hutoka kwa zamu.

"Naikumbuka," alisema mgeni.

"Baba yako aliifungua siku moja isiyo zamu yake. Maharage yake yalikuwa yananyauka. Wewe ulikuwa mdogo, umevaa shati lisilo na vifungo. Wazee wakamtoza jogoo. Alikuwa na mtumishi aliyeshika jembe siku ile, angeweza kumsingizia. Hakumsingizia. Alimleta jogoo mwenyewe, amembana kwapani, na jogoo akamchafua koti."

Kicheko kikapita kwa wazazi. Hata mgeni akainamisha kichwa, pembe ya mdomo ikicheza.

"Ndiva haina mheshimiwa," Bibi Dorkas aliendelea. "Mama yangu alishuka kutoka milimani kwa miguu hadi hapa Same, mwaka wa mbiru, watu wetu walipoikataa ile kodi ya wakoloni. Hakushuka ili mjukuu wangu ajifunze kuinamisha kichwa. Maji ya pipa hili yamebebwa na watoto. Yana zamu yake, na zamu hiyo haina gari. Mabinti hawa wamekosea, nao wamesema. Dereva wako kasema. Amebaki nani?"

Mwalimu Sadock alilitazama donge la nyuzi mkononi mwake kana kwamba lilikuwa limeanza kumchoma.

"Nimebaki mimi," alisema mwisho. "Niliwatuma. Na lile neno sikupaswa kulisema. Mwamvita, weka begi lako darasani."

"Hapana, mwalimu," alisema Bibi Dorkas. "Neno ulilisema mbele ya watu."

Basi Jumatatu, kwenye mstari wa asubuhi, mwalimu Sadock alisimama mbele ya shule nzima akamwomba Mwamvita radhi kwa jina lake. Agape naye hakusalimika. Alipewa kumwagilia miche peke yake wiki mbili, kwa maji anayobeba mwenyewe, kufidia yale aliyoyafungulia. Hakulalamika. Mwamvita hakumsemesha siku tatu. Siku ya nne alikuja na dumu lake, akalimwaga kwenye mche wa mwisho, akasema, "Usidhani nimekusamehe. Mche nimeuonea huruma."

Lakini kabla ya hapo ilikuwepo Jumamosi. Mgeni alilala Same, na asubuhi gari lilirudi shuleni likiwa na madumu ya maji ndani yake, maji aliyoyatafuta mgeni mwenyewe. Mzee Abednego aliliegesha kivulini, akawaita wasichana wawili.

"Leo mnajifunza, na mimi najifunza kuacha ujinga wangu," alisema. "Kwanza, kivulini, bati likiwa limepoa. Pili, hakuna mkono unaogusa mpaka maji yameshusha vumbi lenyewe."

Akamimina kutoka juu, na udongo ukateremka peke yake.

"Ndoo mbili. Moja ya sabuni ya magari, sio ya unga. Nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga ubaki humo usirudi kwenye gari. Kitambaa laini, kutoka juu kwenda chini, mistari iliyonyooka. Kikianguka chini?"

"Tunakiokota," alisema Agape.

"Hakirudi kwenye gari. Kimeshabeba mawe."

Walilikausha kwa taulo kabla maji hayajaacha madoa. Kisha mzee akapaka dawa ya kung'arisha, akasugua taratibu mpaka mikwaruzo mingi ikapotea. Michache ya mlango wa mbele ilikuwa imeingia ndani mno. Ilibaki.

"Na kama maji hayatoshi?" aliuliza Mwamvita.

"Basi liache na vumbi lake. Vumbi likitulia halimdhuru mtu. Mkono unaolisugua kavu ili mkubwa afurahi, huo ndio unaochubua."

Bibi Dorkas alikuwa ameketi kwenye ngazi za darasa, akisikiliza. Alimwita mjukuu wake.

"Umesikia? Kosa lako libebe mwenyewe, usimtwike aliye dhaifu. Na ukipewa amri unayojua ni mbaya, uliza kabla ya kutii, sio baada. Jana ulisema kweli, lakini ulichelewa. Mwenzako alishafunga begi."

"Nilihesabu mpaka tatu, bibi."

"Siku nyingine hesabu moja."

Mwaka uliofuata gari lile jeusi lilikuja tena, limejaa vumbi la Vudee kutoka paa hadi magurudumu. Mgeni alishuka, akaliacha na vumbi lake. Hakuna mwalimu aliyeita mtu. Agape, sasa wa darasa la saba, alikuwa amesimama karibu na pipa lake, na mfuniko ulikuwa umefungwa.

Mtoto wa darasa la kwanza alinyemelea mlango wa nyuma, akanyoosha kidole ili aandike jina lake kwenye vumbi. Agape alikishika kile kidole kabla hakijagusa.

"Huo ni mchanga, utakwaruza."

"Basi tulioshe, dada."

"Kwa maji ya nani?"

Mtoto akalitazama pipa, akalitazama dumu lake mwenyewe, tupu, bado limelowa. Akakitia kidole mfukoni.