Nilimwita Mkwe Wangu Mchawi kwa Sababu ya Masizi ya Injini

Nina miaka sabini na sita. Naitwa Malemba, mjane, naishi Mwanda huku juu milimani Taita. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo mwandiko wangu mnivumilie. Lakini watu waliokuwepo siku ile nawakumbuka wote.

Uani kwangu Jumapili hiyo tulikuwa sita. Shemeji Mwandoe, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu. Mzee Mwakio, mzee wa kanisa letu, ambaye sasa amelala, Mungu amrehemu. Mkamburi, jirani yangu, tumechota maji pamoja tangu usichana. Wakesho, mtoto wangu wa pekee. Wafula, mume wa Wakesho, fundi wa magari. Wa sita ni mimi, na mwenye dhambi ni mimi.

Wafula kwao ni Bungoma, lakini alizaliwa Voi, babake alikuwa mtu wa reli. Magoti yangu yalipokataa mlima, yeye na Wakesho waliacha nyumba yao Voi wakaja kukaa na mimi. Wakanunua gari ndogo, kuukuu ya kutoka ng'ambo, ya kunipeleka kliniki ya presha, kanisani na sokoni Wundanyi. Kila Jumatatu Wafula alikuwa akishuka Voi kwenye karakana yake, akirudi Ijumaa. Katikati ya wiki Wakesho ndiye aliyenibeba kwa gari.

Ndugu zangu wasomaji, mwanamume kukaa ukweni si jambo jepesi kwetu. Shemeji Mwandoe alikuwa akipita kwenye ua wangu ananitania, "Shemeji, kwani siku hizi ni wewe umeoa?" Tulicheka. Lakini mzaha ule ulikuwa na mwiba, maana Mwandoe alikuwa na jicho kwenye shamba la kakake, na Wafula alikuwa amesimama katikati ya jicho na shamba.

Gari hiyo niliipenda! Lakini niliogopa mbio. Kila siku nilimwambia Wakesho, "Polepole, mama, mimi sina haraka ya kufika kaburini." Wafula alikuwa akicheka sana. "Mama, hii gari mnaitembeza kama ya arusi. Iachilieni siku moja ikimbie hadi Voi, ipate moto." Mimi nikasema, ikimbie na nani? Si na mimi!

Baada ya mwaka hivi, gari ikaanza vituko. Asubuhi ikiwashwa inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Inakohoa... inanyamaza... inakohoa tena. Siku moja ikatufia kwenye kona ya kupanda kutoka Wundanyi, tukarudi nyumbani kwa miguu, mimi na magoti yangu!

Wafula aliporudi Ijumaa akafungua boneti. Akanieleza kwa heshima, kama mtu anayemweleza mamake. Aliitaja ile injini kwa jina la Kizungu, mimi nikashika neno moja tu: masizi.

"Masizi?" nikamuuliza. "Kwani humo ndani kuna mtu anapika na kuni?"

"Ni jiko kabisa, mama. Gari za zamani, petroli ilipita juu ya valvu, vile vilango vya kuingizia hewa, ikiziosha. Hii inapuliza petroli moja kwa moja ndani, kwa hivyo valvu haziguswi na kitu cha kuziosha. Masizi yameganda pale kama ukoko kwenye sufuria. Gari haivuti hewa. Ndiyo maana inakohoa."

Nilimuuliza wataosha na nini. Akasema kuna njugu fulani ngumu za ng'ambo, maganda yake yanasagwa kama mchanga, yanapulizwa humo kwa mashine ya upepo, masizi yanabanduka na chuma hakikwaruziki. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Maganda ya njugu kwenye injini! Nilidhani ananichekesha tu... Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Niliambiwa ukweli, nikaufanya kichekesho.

Shemeji Mwandoe akaja na chupa ya dawa ya dukani, ile ya kumimina kwenye tangi. Wafula akamwambia, "Asante, mzee, lakini hiyo haitafika kwenye valvu. Itapita na petroli, na petroli haipiti huko." Mwandoe akakasirika. Tangu lini mkwe akamfundisha mzee uani kwa kakake? Akaimimina yote. Gari ikaendelea kukohoa vilevile. Badala ya kukiri kwamba Wafula alisema kweli, Mwandoe akasema, "Kama dawa ya dukani imeshindwa, basi hayo si masizi. Huo ni mkono wa mtu."

Na hapo ndipo na mimi kifua kilipoanza kunibana. Kikohozi kavu, cha asubuhi, hasa nikiinama kuwasha moto jikoni.

Mkamburi akaja kuniangalia. Gari ilikuwa inawashwa nje. Akatega sikio, akanitazama, akashika mdomo. "Malemba! Umesikia? Gari yako inakohoa. Wewe unakohoa. Na mmeanza mwezi mmoja!"

Nilimwambia aache upuuzi. Lakini neno lilikuwa limeshaingia... Usiku mtu hulala, neno halilali. Nilianza kusikiliza. Gari ikikohoa mara tatu, nami najisikia kukohoa mara tatu. Nikaanza kumwangalia Wafula vidole vyake vyeusi anapokula. Nikaanza kujipikia chai yangu mwenyewe. Mtoto wa watu anasema, "Mama, leo hujanywa chai yangu?" Nami najibu, "Nimeshiba."

Jumapili ile, tukitoka kanisani, Mkamburi alikuwa ameketi kiti cha nyuma. Mguu wake ukagusa kitu chini ya kiti. Mfuko wa gunia, umefungwa kamba. Akaufungua palepale. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia, mkavu, una makombo kama ya mifupa, na juu yake kitambaa cheusi kwa masizi. Mkamburi alipiga nduru! Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa Mwandoe, na Mwandoe akamfuata Mzee Mwakio.

Sasa, wasomaji, hapa ndipo penye ukweli ambao sijausema mbele ya watu mpaka leo.

Wakati wakiitana, mimi nilikuwa chumbani peke yangu. Simu yangu ikalia. Alikuwa Juma, fundi mwenzake Wafula pale Voi, mwenye mashine ya upepo. Akasema, "Shikamoo, mama. Simu ya Wafula imezima. Mwambie kesho mashine iko wazi, ashuke na gari. Na ule mfuko wa maganda asiusahau, huku Voi hayapatikani, tuliagiza Mombasa."

Nikamuuliza, maganda gani?

"Ya kutoa masizi, mama! Si alikueleza?"

Nikakata simu. Nje nilisikia viti vinapangwa. Nilisikia sauti ya Mzee Mwakio anaanza na sala. Ningetoka nikasema nini? Kwamba mzee wa kanisa ameitwa kwa ajili ya takataka za njugu? Kwamba mimi, mama mzima, nimeacha kunywa chai ya mkwe wangu kwa sababu gari ina kikohozi? Nilijiambia, wacha waongee, atajitetea mwenyewe, yataisha... Hayakuisha.

Mwandoe aliuweka ule mfuko katikati. Wafula akaeleza kila kitu, vilevile alivyonieleza mimi. Mwandoe akasema, "Kama ni dawa ya gari, haina ubaya kwa mtu. Hebu kula, tuone!"

Wafula akachota, akatia mdomoni, akatafuna. Nilisikia ule mchanga ukisagika kwenye meno yake. Akatema, na mate yalikuwa na damu.

Mkamburi akasema, "Mmeona? Mchawi haogopi dawa yake mwenyewe!"

Jamani! Angekataa, ni mchawi. Amekula, ni mchawi. Afanye nini? Nilimwona akizungusha macho uani, kwa mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mlango. Yakafika kwangu.

"Mama, Juma hajakupigia? Simu yangu imezima, nilimpa nambari yako. Yeye atawaambia."

Watu wote wakanigeukia. Wakesho pia.

Nikasema, "Hakunipigia."

Maneno hayo hayakuchukua pumzi moja. Nilijifungia mlango mwenyewe na ufunguo nikaumeza.

Mzee Mwakio akaamua kwa upole kabisa kwamba kwa amani ya boma, Wafula aondoke, "tuombe kwanza." Wafula hakubishana. Alinawa mdomo bombani, akachukua koti, akashuka mlima kwa miguu. Wakesho alimfuata hata bila kubadilisha viatu vya kanisani.

Siku ya tatu Wakesho alirudi kuchukua nguo. Alinikuta nakohoa jikoni. Akaomba simu yangu ampigie mwenye bodaboda aliyemngoja barabarani. Nikampa bila kufikiri. Akafungua orodha ya waliopiga, akaiona nambari ya Juma. Kisha akanirudishia mkononi, polepole.

"Mama, Juma alikupigia. Jumapili, kabla ya maombi. Mliongea."

"Mimi sitamwambia mtu," akasema. "Utasema wewe mwenyewe."

Tangu siku hiyo simu zangu hapokei.

Mnadhani yaliishia hapo? Juma alipanda kufuata mfuko wake, maana wiki hiyo Wafula hakuonekana karakana. Aliponiuliza kisa, nikamwambia Wafula amesafiri. Uongo mwingine! Akasema basi, kwa kuwa alimwahidi rafiki yake, ataimaliza kazi. Akashusha gari Voi, akafungua, akapuliza yale maganda, akairudisha baada ya siku mbili. Alinionyesha kwenye simu yake picha ya zile valvu. Nyeusi, zimeota magamba, ukoko mtupu! Gari ikapanda mlima bila hata kikohozi kimoja.

Na mimi daktari wa kliniki alinisikiliza kifua, akaniuliza napikia nini. Nikamwambia kuni, jikoni hamna dirisha. Akasema, "Bibi, ni moshi huo." Nikatobolewa dirisha, nikanunuliwa jiko la gesi. Kikohozi kikaisha.

Unajua Mwandoe alisema nini? Alisimama uani, akaipiga gari kofi la furaha, akasema, "Mmeona? Mchawi ametoka, gari imepona, na mama amepona!"

Kila kilichomsafisha Wafula kilimpaka matope zaidi. Habari zikashuka hadi Voi, wateja wakaogopa kumpa magari yao, akafunga karakana. Wakahamia Bungoma. Nasikia wamepata mtoto msichana. Jina lake sijaambiwa.

Nilijaribu kusema. Nilimwendea Mwandoe nikamweleza ile simu. Akafunga mlango kwanza, ndipo akanijibu, "Shemeji, ukifukua hayo, mimi uso wangu nitauficha wapi? Mwakio je? Tulia." Mzee Mwakio aliugua akafa nikiwa bado natafuta siku nzuri ya kumwambia. Mkamburi kila tukikutana ananishika mkono, "Mungu alikuokoa, dada." Nami naitikia amina. Ninaishi ndani ya uongo huo kama kuku chini ya tenga. Naona nje, lakini sitoki. Gari iko uani, nzima, na mimi sijui kuiendesha. Kanisani napanda kwa fimbo.

Ninyi mnaosoma, nawasihi. Kitu usichokielewa usikipe jina la uchawi. Uliza, na ukijibiwa, usicheke. Mkwe wenu wa kutoka mbali msimpime kwa kabila lake. Na ukijua umekosea, sema saa hiyohiyo, hata viti vikiwa vimepangwa, hata mzee akiwa amefumba macho anaomba. Aibu ya siku moja unaiweza. Uongo ukilala siku moja, asubuhi tayari una wenyewe wanaoulinda.

Nimeyaandika mwenyewe kwa muda wa wiki tatu. Wafula hakuwa mchawi. Juma alinipigia. Mkamburi na shemeji watayasoma haya pamoja na ninyi, na iwe itakavyokuwa.

Labda kuna mahali nimesahau, au nimempa mtu neno ambalo ni la mwingine. Mliokuwepo, nisahihisheni. Wakesho, ukiona nimeyapunguza maneno yako, yaongeze. Na wewe Wafula, anza wewe. Sema yote yalivyokuwa... safari hii nitakaa kimya nisikie.